Asubuhi Tatu za Kumkimbilia

Binti yangu alikuwa na miaka minne alipoanza kugonga kichwa ukutani. Si kwa bahati mbaya, hata! Alikuwa anakwenda mwenyewe, anajiweka sawa, anagonga. Ni enzi za Mwingereza, tunakaa Kiranjeranje, mume wangu yuko kwenye mashamba ya mkonge kule Lindi, mimi nyumbani na mama mkwe. Kila akigonga natupa mwiko, namkimbilia, nambembeleza. Paji la uso likawa na kidonda kisichopona. Niliogopa, jamani. Niliogopa atanifia mikononi.

Nikampeleka zahanati. Dresa aliyekuwa akitibu pale, Mmakonde mmoja mpole asiyejua haraka, hakunipa dawa.

"Mama, wiki hii usibadili kitu. Kila akigonga, tia punje ya hindi kwenye kifuu, kila siku kifuu chake, uniletee."

Nikamwona mwendawazimu, lakini nikatia. Vifuu vilijaa. Wiki ya pili akaniambia nitundike godoro la sufi ukutani. Akigonga nisigeuke, akicheza kwa utulivu ndipo nimwendee. Punje zikapungua mpaka nikawa naona kitako cha kifuu.

Nilirudi zahanati nacheka. Dresa akaona hirizi shingoni mwa mtoto.

"Hii kavaa lini?"

Mama mkwe alimvalisha Ijumaa ileile niliyotundika godoro. Kwetu mtoto akiumwa anafungwa hirizi, nani anaomba ruhusa ya dresa? Dresa akashika kiuno.

"Sasa kilichomsaidia ni kipi? Hirizi abaki nayo. Wewe rudi kumkimbilia, asubuhi tatu tu. Tusipojua, kesho utashika kisichosaidia, uache kinachosaidia."

Eti nimrudishe mwanangu kwenye kidonda! Nilimjibu vibaya, nikaondoka bila kuaga. Lakini lile neno lake la mwisho lilinifuata njia nzima. Nilipomsimulia, mama mkwe ndiye aliyefurahi.

"Fanya, mwanangu, huyo dresa akajionee mwenyewe."

Yeye alikuwa na hakika na hirizi yake.

Asubuhi ya kwanza aligonga mara chache, nikamkimbilia kila mara. Ya pili, punje zikafika nusu ya kifuu. Ya tatu aliliacha godoro akaenda kwenye mwimo wa mlango, na kabla ya kugonga akageuza shingo akanitazama. Alitaka kujua kama namwona. Mama mkwe naye aliona. Akakaa kwenye mkeka.

Sikungoja kesho yake kumuuliza dresa. Niliuzungushia mwimo matandiko, nikampa mtoto mgongo, nikaanza kuchambua kisamvu. Akagonga. Akagonga tena, akilia kwa hasira, na mimi machozi yananidondokea kwenye majani. Nimezaa watoto sita, nimeugua mpaka nikasomewa Yasini, lakini hofu ya siku ile sijaipata tena. Mama mkwe alitaka kuinuka, nikamshika mkono. Sikuwahi kumshika mkono kwa nguvu vile.

Kisha kukawa kimya. Nikasema moyoni, basi, nimemuua. Sikuthubutu kugeuka.

Nikasikia miguu yake. Akaja akaketi ubavuni kwangu, kamasi zinamtoka, akachukua jani la kisamvu akaanza kulichambua kama alivyoniona mimi.

Nikamkumbatia mpaka akalalamika kwamba namuumiza.