Gari Lililozima Kila Likipata Moto

Kama kuna kitu Dunstan alikichukia kuliko malaria, ni kazi ya kulipua, ile ya haraka haraka ilimradi gari liondoke. Hapo gerejini kwake Kilole, Korogwe, akifunua boneti ya gari la mtu alikunja uso kama aliyefunua chungu cha mboga iliyolala siku tatu, kisha akauliza swali lake: nani alikufanyia hii? Ukishataja jina, umekwisha. Fundi huyo alichambuliwa toka utosini mpaka unyayoni, mbele ya wateja, mbele ya Grasiana muuza chai, na kwa kuwa hakuwepo, hakuwa na wa kumtetea.

Ukali huo aliurithi. Baba yake, mzee Fransisko, alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kusindika mkonge, kwenye shamba moja nje ya mji. Alikuwa mtu wa kufungua nati saba kwa sababu ya moja aliyoitilia shaka. Alikufa bila kuacha shamba wala nyumba, ila aliacha jina. Watu walisema kazi ya Fransisko hairudi. Mwanawe akalishika jina hilo kwa mikono miwili na, tuseme ukweli, akawa anawapiga nalo wenzake.

Alhamisi moja gari dogo jeupe, la miaka ya tisini, likaingia gerejini likitoa moshi mweusi na kunuka petroli, likazima kabla halijasimama sawasawa. Akashuka Zamda, mama wa Handeni anayeuza vitenge kwenye minada ya vijijini. Alieleza yote bila kupumua. Taa ya injini iliwaka, akaenda kwa Athuman, fundi wa kwao Handeni, naye akambadilishia sensa ya joto la maji, ile inayoiambia kompyuta ya gari kama injini ni ya baridi au imepata moto. Tangu siku hiyo gari linawaka vizuri asubuhi, lakini likishapata moto linakohoa na kuzima kila anapokanyaga breki. Ameshakosa minada miwili, na wa tatu ulikuwa kesho yake. Athuman alilitazama tena gari, akamwambia alipeleke Korogwe kwa Dunstan.

Dunstan alicheka kwa pua. Athuman alimjua, walifanya kazi pamoja hapo hapo Kilole miaka miwili, kabla Athuman hajarudi kwao. Kumbe amefikia hapo, anaharibu kisha anawarushia wakubwa wake uchafu. Akaitoa simu, akafungua spika ili kila mtu asikie, akampigia.

"Athuman, umemwekea huyu mama takataka gani?"

"Shikamoo kaka. Sensa ni nzima. Fuata waya taratibu, ukiwa peke yako."

Ukiwa peke yako! Dunstan akaona huo ni ujeuri wa mchana kweupe. Akamwambia kwamba ni aibu ya ufundi, kwamba sensa halisi ameiuza na ya bandia kamfungia mteja, kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya mafundi wote waonekane wezi. Zamda naye, aliyekuwa anatafuta wa kumwagia hasira, akaichukua ile simu, akamwita Athuman mwizi, na akaapa kwamba kesho stendi nzima ya Handeni itajua. Simu ikakatika, na waliokuwa wanakunywa chai wakacheka.

Basi Dunstan akaingia kazini. Aliifungua ile sensa mpya akiwa ameishika kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa. Akaomba kwa Grasiana kikombe cha maji yanayochemka, akaitumbukiza, akaunganisha mita yake, akasubiri. Alitaka sana idanganye. Haikudanganya. Maji yalivyozidi kupoa ndivyo namba zilivyopanda, taratibu, bila kurukaruka, kama inavyotakiwa. Akarudia na maji mengine, kisha akairudisha mahali pake.

Ndipo akafuata waya. Aliufuata kutoka kwenye injini, ukapenya kwenye ukuta wa gari, akalala chali chini ya dashibodi, taa ya simu mdomoni. Karibu na kompyuta akakuta uvimbe wa tepu nyeusi, umeyeyuka kwa joto, unanata, umeshika nywele na vumbi na kitu kama bawa la mende. Akaibandua tepu, ndani akakuta kile kidude kidogo chenye mistari ya rangi, kinachotolewa kwenye redio mbovu, kimeunganishwa katikati ya waya ili kuidanganya kompyuta. Akatamka kwa sauti, ili Zamda asikie kule nje, kwamba aliyefanya hivi hastahili kushika hata pampu ya baiskeli.

Akabandua tepu ya mwisho. Chini yake, kwenye kila kiungio, palikuwa na uzi mwembamba wa katani, umezungushwa mara tatu na kupakwa nta ya mshumaa usilegee.

Dunstan aliendelea kulala pale pale. Korogwe nzima, Handeni na milima yake, hapakuwa na fundi ila yeye anayefunga waya kwa uzi wa katani wenye nta. Alifundishwa na baba yake.

Gari likamrudia akilini. Wakati huo lilikuwa la kijani, la mwalimu Deogratius wa Kwashemshi, ambaye alikuwa anawahi msiba Tanga. Sensa ya zamani ilikuwa imechoka, inaiambia kompyuta kwamba injini ni ya moto hata ikiwa baridi, na nyingine haikupatikana siku hiyo. Dunstan akapachika kidude ili kuipunguzia uongo, akamwambia mwalimu arudi baada ya wiki. Mwalimu hakurudi, yeye hakumuulizia, gari likauzwa, likapakwa rangi. Miaka yote hiyo uongo mmoja ulikuwa unashikilia mwingine. Athuman alipoweka sensa inayosema kweli, ukabaki uongo wa Dunstan peke yake: kompyuta ikaamini injini ni ya baridi siku zote, ikawa inaimwagia petroli mpaka inazama.

Akakikata. Akaunganisha waya upya, vizuri, akawasha. Wakasubiri gari lipate moto kabisa. Lilinguruma kwa utulivu, moshi ukakoma, na Zamda alipokanyaga breki halikuzima. Mama wa watu alifurahi mpaka akamshika mkono ule ule wenye oili. Alisema sasa ana ushahidi, atakibeba kile kidude mpaka Handeni, akawaonyeshe watu kazi ya Athuman. Akanyoosha kiganja apewe.

Dunstan alikuwa na kidude mfukoni. Alikuwa na njia nyepesi kabisa mbele yake, nayo ni kunyamaza tu. Akasema anakwenda kunawa, akazunguka nyuma ya gereji, akampigia Athuman. Hakujua hata anataka kumwambia nini. Akaishia kumuuliza kama alikuwa ameona.

"Niliona tangu Jumatatu, kaka," Athuman akasema. "Nilijua mkono wako. Ningekikata mimi, lakini mama angeniuliza ni nani aliyefunga vile, ningemjibu nini? Nikaona gari likufikie mwenyewe, umalize kimya kimya. Mtu hamvui nguo mkubwa wake mbele ya mteja."

Simu ilipokatika Dunstan alitema mate, lakini uchungu haukutoka nayo. Alijichukia. Alimchukia hata yule kijana kwa wema wake, halafu akajichukia zaidi kwa hilo. Alirudi mbele bila kunawa. Zamda bado alikuwa amesimama anasubiri, na wa chai walikuwa pale pale kwenye benchi.

"Aliyekifunga ni mimi," alisema. "Sensa ya Athuman ilikuwa nzima. Alijua ni kazi yangu, akanisitiri."

Zamda alimtazama, uso ameukunja, kisha akaifuta mikono yake kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Nimemwita mtoto wa watu mwizi," akasema. "Neno hilo wewe ndiye uliyenitia mdomoni."

Zamda akaingia kwenye gari, akajinyoosha, akafungua mlango wa upande wa pili kutoka ndani.

"Panda. Uliyoniambia hapa utayasema tena stendi ya Handeni, mbele ya watu wa Athuman."

Dunstan akamwomba Grasiana amwangalizie vifaa, akapanda.