Kasa Aliyepakuliwa na Muhogo

Mwaka ule wa unga wa njano, ule ambao sima yake ilikaa kama sabuni na hata kuku waliitazama kwanza kabla ya kudonoa, sisi wa Likoni tuliponea muhogo, na muhogo huohuo ndio ulionivua nguo mbele ya watu. Nichekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Karibu na ufuo palijengwa kasa wa saruji, mkubwa kama kitanda cha bwana harusi, ili watu waache kumla kasa na kumchimbulia mayai yake. Mjukuu wangu Mwanasiti (kichwa kile, wallahi, hakikuwa cha darasa la tano) ndiye aliyechaguliwa kusoma shairi siku ya kumfunua. Siku yenyewe, baada ya sala ya alfajiri, nikapita nikaona turubai limewambwa juu ya kasa kama hema, ndani joto, kunguru hawaingii, nikasema ah, hapa ndipo pa kuanika muhogo wangu uwe makopa! Nikapanga vipande vyangu vyote mgongoni mwake.

Somo yangu Mwanahamisi akaniona natoka. "We mwanamke, wageni waja saa nne! Toa muhogo wako."

"Muhogo wangu siutoi mpaka ukauke." (Nani asiyejua kuwa saa nne ya wakubwa ni saa nane?)

Basi siku hiyo wakaja saa nne. Mimi nimekaa mbele, leso mpya doti nzima, Mwanasiti kasimama na sare yake, mgeni wa heshima akavuta turubai: kasa wa kijani, mgongo mweupe kwa muhogo! Akashika kipande, hakibanduki. Kumbe rangi ilikuwa mbichi, na mimi na macho yangu ya alfajiri sikuona.

"Ameshapakuliwa!" mtu akapaza sauti nyuma. "Tui liko wapi?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mwanasiti midomo ikaanza kumtetemeka, na shairi alilolikariri hata usingizini nikaliona linazama.

Nikasimama. "Muhogo ni wangu! Nichekeni mimi, mtoto mwacheni asome!"

Mwanasiti akanitazama, akafuta jicho, akaanza na maneno ambayo hayakuwamo:

"Muhogo wa nyanya leni, kasa wetu muacheni!"

Loo, vigelegele vile! Mgeni mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, nami nikamtuza mjukuu wangu leso moja shingoni. (Tangu hapo naanika juu ya bati langu mwenyewe, na kunguru wale wasaze.)

Watu hawajatawanyika, fundi wa kasa akanijia na kisu cha kukwangulia. "Bibi, tafadhali, njoo utoe muhogo wako."

Nikajishika kiuno.

"Muhogo wangu siutoi mpaka ukauke."