Fundi Kengeza na Ubao Uliolia Miaka Arobaini

Saa moja na nusu asubuhi, kabla lori la kwanza halijaingia kwenye bohari la mbao, fundi mmoja mwenye mvi amekwisha kupiga goti. Ameinua ncha ya boriti hadi usawa wa shavu, amefumba jicho moja, na lile jingine linaufuata ukingo wake mpaka mwisho. Anaishusha taratibu na kutikisa kichwa. Ni ya tisa kukataliwa leo.

Kufumba jicho huko ndiko kulikompa jina. Bohari zima linamwita Kengeza, ingawa macho yake ni mazima kuliko ya wanaomcheka.

"Mzee wangu, unachagua mbao au unachagua mke?" anauliza muuzaji, kikombe cha chai mkononi.

"Mke nilimchagua kwa siku moja," anajibu Kengeza, "na mpaka leo hajapinda. Hizi zako ndizo zinanitia wasiwasi."

Anataka boriti kumi na moja za inchi mbili kwa sita. Atazilaza juu ya saruji ya gereji ya nyumba moja ya ghorofa, zibebe sakafu ya mbao itakayoinuka hadi usawa wa kizingiti cha jikoni. Gari lililokuwa likilala humo liliuzwa. Sasa chumba ni cha mjane wa miaka sabini na tisa, ambaye magoti yamemgomea na mwaka huu ameanguka ngazini mara mbili.

Marehemu mume wa mama huyo ndiye aliyemfundisha Kengeza kazi.

"Nilifika kwake nina miaka kumi na tisa, najua kushika nyundo tu," anakumbuka. "Akaniambia, boriti ina mgongo na tumbo kama mtu. Mgongo utazame juu, mzigo ukiukalia unanyooka. Ukikosea, sakafu yako itabonyea katikati kama godoro la zamani."

Ndiyo maana kila boriti anayoikubali anaichorea mshale wa penseli kuelekea mgongoni, kama alivyoonyeshwa. Kisha anaigonga kwa kidole na kutega sikio, maana kavu hujibu na mbichi hunyamaza. Yenye fundo kubwa ukingoni anairudisha bila maneno, kwa kuwa hapo ndipo inapoanzia kukatika.

Ubichi anauogopa kwa sababu. Mwaka wake wa kwanza, mwalimu wake alimwachia sakafu ya chumba chake mwenyewe cha kulala, juu ghorofani katika nyumba hii hii. Kwa pupa ya kumaliza, Kengeza akaweka boriti moja mbichi.

"Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi," anasema. "Boriti mbichi haina haja ya mkunjaji. Inajikunja yenyewe."

Baada ya miezi michache boriti ile ilisinyaa, misumari ikalegea, na ubao wa karibu na mlango ukaanza kulia kila ukikanyagwa. Kengeza aliomba kuufumua arekebishe. Mwalimu wake alikataa, tena bila kumweleza kwa nini. Aibu hiyo ameibeba miaka arobaini na mmoja.

Zamani alilaza sakafu kumi na mbili kwa mwaka. Mwaka jana alipata tatu, watu wanataka vigae. "Tulikuwa wanne kwa mwalimu, tunapiga randa huku tunaimba," anasema. "Nawakumbuka sana. Siku hizi nasikia mashine tu."

Saa nne boriti zinashushwa gerejini, ambako doa la oili bado liko sakafuni. Mjane ameketi kwenye mlango wa jikoni, bintiye amesimama nyuma yake. Binti ameshasema neno la mwisho: mama ashuke alale hapa, au ahamie kwake, mji mwingine. Mama hataki hili wala lile.

"Mama, hizi ni kavu tupu," Kengeza anamtuliza. "Sakafu hii haitalia hata ukiirukia."

"Ndiyo sababu siitaki, mwanangu."

Mama anamweleza polepole, mikono mapajani.

"Mzee wangu alikuwa hana maneno akiingia chumbani. Mimi nimefumba macho, ubao ukilia najua kaja, moyo unatulia. Alikukataza usiuguse kwa sababu nilimwomba mimi. Hata leo huyu binti akipita pale, kidogo nadhani ni yeye. Huku chini nitalala na nini?"

Kengeza anajikalisha juu ya boriti zake na kuvua kofia. "Miaka yote hii," anasema, "nilidhani alikuwa ananiadhibu."

Anafuta macho bila kujificha. Kisha anapanda ngazi, anapiga magoti mlangoni mwa chumba kile na kuukandamiza ubao kwa kiganja. Unalia.

Mpango wake ni huu. Boriti zote kumi na moja zitakaa imara, mgongo juu, na mbao zote zitafungwa kwa skrubu isipokuwa mmoja. Huo ataushusha kutoka ghorofani na kuulaza gerejini karibu na mlango wa jikoni, kwa misumari yake ileile, katika matundu yake yaleyale yaliyolegea, ili uendelee kulia.

"Siku ubao huo utakapolia, ndiyo siku nitakayoshuka," mjane ameahidi.

Kengeza anatumaini kumaliza Ijumaa. "Nimetumia maisha yangu yote kujifunza kutokosea," anasema, akinoa penseli. "Sasa niombeeni nikosee vilevile kama mwanzo."