Perege Niliowaficha Jikoni

Nakumbuka siku niliyowaficha perege jikoni kwa mama yangu, nikijiona nina akili kuliko ziwa. Usicheke kwanza, mwanangu. Ya kuchekesha yako mbele.

Nilikuwa na bwawa nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Mandewa. Mimi si mtu wa kutembea, hata Ikungi, hapo jirani tu, naiona mbali. Nikaona nifuge samaki, maana hawachungwi. Dume lilikuwa sato mnene wa Mwanza. Majike walikuwa perege wadogo wa Ziwa Kitangiri, aliowaleta mjomba, naye mwenye bwawa, kwa ndoo. Vifaranga vilipojaa nikatangaza mtaa mzima, "Sato watupu!" Ndivyo nilivyokuwa hata mimi: nikiulizwa kwetu, naanza na ng'ombe wa babu Mnyaturu, mama yangu Mnyiramba namruka kama dimbwi.

Ikaja habari ya dada mmoja, mtaalamu wa samaki, anayetafuta bwawa la kutunzia mbegu. Mwenye bwawa ndiye angepewa kazi ya kulisimamia. Kazi ya nyumbani, bila safari! Niliitaka kama mgonjwa anavyotaka uji. Kabla hajafika, nikidhani anataka sato watupu, nikawavua majike wote, nikawatia kwenye beseni. "Mama, nihifadhie hawa."

Mtaalamu akakata vipande vya mapezi ya vifaranga, akaondoka navyo kwenda kuvipima. Kurudi jikoni nakuta mama kashawakaanga. "Wangeoza," akasema. Nikala, nikashukuru: ushahidi umeingia tumboni.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mtaalamu alirudi akitabasamu.

"Kaka, majike wa Kitangiri wako wapi?"

"Majike gani, dada?"

"Wale uliowala na ugali," mama akadakia kutoka jikoni.

Dada wa watu akashika kichwa. Akanieleza kuwa ndani ya chembe za mwili mna vinu vidogo vya nguvu, mitokondria, vyenye maandishi yake ya urithi. Hayo mtoto huyapata kwa mama. Baba, hata awe mnene vipi, hachangii. Vizazi vikipita maandishi hubadilika kidogo kidogo, kila ziwa kwa namna yake, ndiyo maana vifaranga vyangu vilimtaja mama yao na kwao. "Na hao majike ndio niliokuwa nawatafuta," akasema. "Wasiochanganyika wanaadimika. Sato wamejaa kila mahali."

Nikampigia mjomba aniletee wengine. Akacheka, "Mpwa wangu, si una sato watupu?" Bwawa lililochaguliwa likawa la kwake.

Mwanangu, mwacha asili ni mtumwa. Mimi nilikuwa mtumwa aliyeshiba. Ukiulizwa kwenu, taja na upande wa mama, hata kama hauna ng'ombe. Unachokionea haya huenda ndicho wenzako wanakitafuta kwa tochi. Mungu akupe watoto watakaokutaja bila kusubiri kipimo.

Nikisahau nasaha hii, jirani yetu Mama Neema hunikumbusha kwa maneno yaleyale aliyonirushia siku ile kutoka uani kwake: "Samaki hawajasoma, wamemtaja mama yao. Wewe una kidato cha nne, umemkana, halafu ukamla!"