Mgodi Alioulinda Babu

Niliondoka nyumbani Sofu kwa sababu ya mdomo wangu. Baba mkubwa alikuwa akisimulia tena jinsi Mjerumani alivyomkabidhi babu yake bunduki alinde mgodi wa Kisarawe wakati wa vita vya kwanza vya dunia.

"Mgodi wa nini?" nikauliza.

"Udongo mweupe."

Nikacheka. Nani anapigania udongo? Akaniwekea sharti: niende nikaulize. Ikiwa uongo, hataisimulia tena hadithi hiyo. Ikiwa kweli, Jumamosi nitampigia magoti mbele ya Wazaramo wa Kisarawe watakaokuja kumposa binti yake, Tatu.

Saa mbili asubuhi nilichukua bodaboda kituo cha Kwa Mathias, tukakatia Kiluvya. Nilifika Kisarawe mwekundu kwa vumbi.

Pembeni ya msitu wa Pugu nilielekezwa kwa Bi Mwanaidi, aliyekuwa akipaka ukuta wake udongo mweupe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kabila gani?"

"Mnyamwezi."

Akachangamka. Sisi na Wazaramo ni watani, na mtani hana huruma.

"Shusha mzigo basi."

"Sina mzigo."

"Mnyamwezi bila mzigo? Si nyie wapagazi wa misafara? Umeutupa wapi?"

Nilipomweleza shida yangu, alikaa chini kwa kicheko.

"Mlinzi yule! Alikuwepo. Meli za Mjerumani zilikuwa haziji tena, Mjerumani akawa anafukua chochote kilichomo ardhini. Hakujua udongo huu utamfaa nini, ila hakutaka mwingine auguse."

"Kwa hiyo babu aliwazuia Waingereza?"

"Waingereza gani? Aliwazuia bibi zetu, waliokuwa wakichota wapake nyumba. Bibi yangu akampelekea ugali na kisamvu. Akala, akasinzia, wakachota. Kesho yake tena. Mjerumani alikimbia, yeye akabaki analinda kisamvu."

Njiani kurudi nilikiri moyoni: anayekalia nchi ya watu hulinda shimo hata asipojua kazi ya kilichomo. Kinachomtisha ni wanaoijua.

Jumamosi, sebuleni Sofu, nilipiga magoti.

"Baba mkubwa, ni kweli. Babu alilinda mgodi. Niwie radhi."

Akavimba kama andazi. "Waeleze wageni yote."

"Yote?"

"Yote!"

Nikaeleza yote, hata kisamvu cha bibi yake Mwanaidi na usingizi wa mlinzi.

Wazaramo walicheka mpaka kofia zikadondoka. Tatu alipoandaa chakula, mshenga wao alimsogezea baba mkubwa bakuli la kisamvu.

"Kula, mlinzi," alisema. "Ila leo usisinzie. Tumekuja kuchukua binti."