Konsolata Wawili

Mdogo wangu Flora anatengeneza kompyuta kwenye kibanda chetu karibu na njia panda ya Makambako, na kuringia kazi yake ndiyo starehe yake. Wachangia damu wa parokia walimwomba awatunzie orodha yao, ili damu ikihitajika wahusika wapigiwe simu mara moja. Akaandika programu. Orodha yote ikakaa kwenye faili moja la maandishi, aina ya JSON: jina, kundi la damu, namba ya simu.

Alichoogopa ni umeme tu. Ukikatika programu ikiwa inaandika, faili hubaki nusu na orodha imekwenda. Basi kila badiliko liliandikwa kwanza kwenye faili la pembeni, na likikamilika ndipo lilichukua nafasi ya lile la zamani. Nakala za siku saba za mwisho zilitunzwa. Umeme ulikatika mara ngapi sijui, na faili halikuharibika hata siku moja. Alitamba wiki nzima, nikamwambia atafute mchumba wa kumringishia.

Mwezi wa sita Elina, mke wa jirani yetu Brayson, alijifungua hospitali ya Njombe akatokwa damu nyingi mno. Ikatakiwa damu ya kundi O hasi. Flora akatafuta, hakuna.

"Dada, yupo mama mmoja wa Yakobi, nilimwandika mwenyewe. Konsolata Mgaya."

Faili lilikuwa na Konsolata Mgaya mmoja, msichana wa miaka kumi na tisa, kundi A. Programu ilimtambua mtu kwa jina lake tu. Kwetu binti hupewa jina la shangazi yake, na ukoo wao ni huo huo. Huyu alipojiandikisha mwezi wa pili, aliandikwa juu ya shangazi yake bila programu kulalamika, na nakala zenye yule mama zilikuwa zimeshafutwa. Flora mwenyewe ana jina la shangazi yetu! Nilikasirika nikashindwa kumtazama.

Tulimpata mama kupitia kwa binti, saa tatu baadaye. Alikuwa nyumbani Yakobi, simu mkononi, mwendo mfupi kutoka hospitali. Alipofika, Elina alikuwa ameshafariki.

Sasa kila mtu ana namba yake, na programu hukataa kumwandika mtu juu ya mwingine. Lakini waliofutwa hawaonekani. Flora alikuwa aanze kazi Dodoma mwezi wa nane, hakwenda. Anapiga simu nyumba kwa nyumba: "Shikamoo. Hapo kwenu kuna mwingine mwenye jina hili?" Amewapata tisa. Wamebaki wangapi, hakuna wa kumwambia.

Jumamosi Brayson alikuja na gunia la viazi.

"Dada Flora, ulihangaika na sisi mpaka mwisho. Sitasahau. Niandike na mimi, nichangie."

Flora alivuta kibodi karibu. Akamuuliza jina kamili, akaanza kuandika. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, na ninayajua yote, na nikamkaribisha Brayson chai.