Gazeti ya Gundi ya Bugali

Juzi, ku soko ya Butembo, muuzaji moja alinifungia mandazi mu gazeti ya zamani. Mafuta ikapenya, wino ikaanza kunuka, ile harufu ya ukali kidogo, kama moshi imelala mu nguo. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Batu ba nyuma bakaanza kunisukuma, mimi muzee: «Koko, pita basi!» Nikapita. Mais mandazi sikuikula. Nilibaki nayo mu mikono mpaka ikapoa.

Acheni niwaambie, ninyi munaosoma. Mimi ni Masika. Masomo yangu iliishia mwaka wa pili, na ninaandika kama ninavyosema. Asinicheke mutu: batoto bote nilizaa, nilibasomesha na maharagi yangu, na bajukuu banasoma mbele zaidi.

Kwetu Banande, binti wa kwanza ni Masika, na mama yake banamuita Mama Masika. Ukisimama katikati ya Butembo ukaita «Masika!», nusu ya bamama batageuka. Mukumbuke ile, iko na kazi mbele.

Wakati ya Babeleji, baba yangu alienda kutafuta kazi Manguredjipa, kule banachimba dhahabu. Tulibaki batu wawili mu nyumba, mimi na mama. Kutuma barua ilikuwa bei. Gazeti ilipita na timbre, stempu ya bei ndogo, mais ilikuwa na sheria yake: unaifunga na kipande ya karatasi kama mukaba, pande mbili inabaki wazi, karani aweze kuivuta aangalie ndani. Inje, ku mukaba, unaandika jina ya mutu na fasi anaishi, basi. Ndani, hata neno moja ya kalamu hapana. Karani akikuta kalamu, unalipishwa kama barua. Jirani yetu, bwana yake alichora kamustari chini ya neno moja tu. Karani akamuonyesha mbele ya batu bote: «Mama, hii ni barua imevaa nguo ya gazeti.»

Donc baba alifanya akili. Bazungu ba kule bakimaliza kusoma, aliokota gazeti yao akatutumia. Kifaransa tupu, kwetu hakuna aliyejua. Habari ilikuwa ku mukaba. Mbele ya kuondoka aliniinamia akasema: «Nikiandika Mama Masika, ni kusema niko muzima, niko ku kazi. Siku nitaandika Masika peke yake, ujue niko njiani.»

Basi nikaanza kungoja jina yangu.

Ku posta, karani aliita ku dirisha: «Mama Masika!» Bamama bakasogea kundi. Akakasirika: «Mama Masika gani? Butembo muzima ni Mama Masika!» Halafu akaangalia gazeti, akacheka: «Ah, ni ile ya bugali. Wapi Mama Masika wa bugali? Kuya, bwana yako amekutumia chakula!» Juu baba hakukuwa na gundi. Alipakaa bugali kidogo ku mukaba, ikakauka, ikapasuka, panya ikakula pembe. Batu bakacheka. Mama hakucheka, hakununa. Alipokea na mikono mbili. Ku nyumba alikata mukaba na kisu, pole pole, akabandika gazeti ku ukuta kuzuia baridi. Mimi nikalala nikiangalia bale bazungu ba kofia ku ukuta, nikawaza: hawa banatoka kwa baba, banajua sura yake ya sasa. Mimi hapana.

Gazeti zikakuya. Halafu zikachelewa. Halafu ukuta ikabaki vile vile, mahindi ikavunwa, ingine ikapandwa. Batoto ba jirani balicheza kando ya barabara. Balikuwa bananitania: «Masika wa bugali, baba yako amekuwa mukate!» Mimi nilikaa ku jiwe, uso upande ya Manguredjipa. Nikienda kucheza, nani atamuona wa kwanza?

Siku moja mama alikuwa ku shamba, nikaenda posta peke yangu. Karani akaita: «Masika!» Masika tu. Hakuna Mama. Nilipita chini ya mikono ya batu nikilia: «Njo mimi! Njo mimi!» Alinijua, akanipa. Nilikimbia mpaka kitenge ikaanguka mu njia, sikurudi kuiokota.

Nilikuta mama anafika, jembe ku bega. «Mama, jina yangu! Yangu peke yake!»

Hakujua kusoma. Aligeuza gazeti, akapitisha kidole pale mukaba inakutana. Akainusa. Jembe ilikuwa bado ku bega. Halafu akasema: «Kamata kuku.»

Tulikuwa na kuku moja tu, ya mayai. Tulipika ile. Nilifagia kiwanja, nikanawa miguu, nikavaa nguo ya misa. Gazeti ilikaa juu ya kameza, mukaba yake haijakatwa. Niliwaza: anamuachia baba aikate mwenyewe. Jua ikashuka. Mama akanipa paja, ile ya baba. Nikakataa.

«Kula, Masika. Kula yote.»

Nikakula. Ilikuwa tamu, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu sana.

Kesho yake gazeti haikuwa tena ku meza, na baba hakukuya. Hakukuya hata siku moja. Bamoja balisema udongo ilimuangukia, bengine balisema alipata muke kule. Miaka yote nilimukasirikia: ulisema uko njiani, sasa uligeukia wapi?

Nilikuwa tayari mama ya batoto, ninauza maharagi. Kando yangu, muuzaji wa vitenge alikuwa Masika vilevile, ndoyi yangu. Siku moja akaanza kucheka: «Ndoyi, weye njo ulinikamatia gazeti! Baba yangu alikuwa mwalimu ku Beni, alinitumia ile ya picha. Mama yako aliuliza karani ni ya nani, akaileta kwetu asubuhi, amejifunika kitenge mpaka kichwa. Gazeti ilikuwa nzima, mukaba haijaguswa. Ilibandikwa na gundi muzuri ya bureau.»

Gundi ya bureau.

Donc mama alijua. Kidole yake ilijua pale pale, jembe ku bega. Na hakunidanganya, hapana. Nimetafuta mu maneno yake yote: hakusema baba anakuya. Alisema kamata kuku, alisema kula. Alinifungia furaha ya siku moja, na ndani hakuweka hata neno.

Nilirudi kupima maharagi ya mutu. Pale njo nilikumbuka sahani yake ya ile siku. Ilikuwa safi. Kuku yake mwenyewe, hakuionja.